Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ughaibuni Huanza na Karatasi za Nyumbani

Barua za mwezi huu zimetoka Buhigwe, Tabora Mjini, Ujiji na Kigoma, na moja imetumwa kutoka Ujerumani na mwana wa Kigoma anayeishi huko. Zote zinahusu kuhama nchi. Nilipozisoma pamoja niliona kwamba waandishi wengi wanaogopa mambo ya mbali, yaani baridi, lugha na upweke, ilhali karibu kila tatizo walilolieleza lina mzizi wake huku kwetu: jina lililoandikwa vibaya kwenye cheti, mkataba ambao haukusomwa, au fedha zilizokabidhiwa kwa mtu asiye na leseni. Kwa hiyo majibu yangu yatakaa zaidi kwenye yale yanayoweza kurekebishwa kabla msafiri hajapanda treni. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepokelewa kusoma shahada ya uzamili nchini Ujerumani na masomo yanaanza Oktoba. Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Buhigwe, si mbali na mpaka wa Burundi. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu, na jina la babu limeandikwa kwa namna mbili tofauti. Wazazi wangu hawajawahi kuwa na vyeti vya kuzaliwa, na nilipokwenda kuomba pasipoti niliulizwa ushahidi wa uraia wao. Nianzie wapi? – Msomaji, Buhigwe

JIBU: Hongera kwa nafasi hiyo. Anzia kwenye majina, kwa sababu kila hatua inayofuata itayabeba kama yalivyo. Mkoani kwetu Kigoma tatizo hili lina sura yake: ipo sauti ya Kiha ambayo wengine huiandika kwa “bh” na wengine kwa “b” peke yake, na karani wa zamani aliliandika jina kadiri alivyolisikia. Kwa mtendaji wa kijiji tofauti hiyo si kitu, maana anakujua wewe na anamjua baba yako. Kwa afisa wa viza anayelinganisha karatasi herufi kwa herufi, hao ni watu wawili mpaka uthibitishe kwamba ni mmoja.

Ziweke karatasi zako zote mezani, kuanzia cheti cha ubatizo hadi kitambulisho cha taifa, kisha uamue ni jina lipi litakalobaki. Ushauri wangu ni kulifuata lile lililo kwenye cheti cha mtihani, kwa kuwa vyeti vya Baraza la Mitihani ndivyo vigumu zaidi kubadilika, wakati cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na taarifa zilizoko NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, vina utaratibu wa kusahihishwa. Kama tofauti ni ya herufi au ya jina la tatu lililoachwa, kiapo cha majina kinachoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja mara nyingi huzitosheleza ofisi za ndani. Kama jina lenyewe ni jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina, ile ambayo watu wameizoea kwa jina la dipoli, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Lakini usile kiapo kisha ukakiacha kitambulisho na kosa lake. Taarifa za pasipoti hulinganishwa na za kitambulisho cha taifa, na pasipoti utakayoipata utaishi nayo miaka 10.

Kuhusu wazazi, swali uliloulizwa lina msingi wake. Kwa jinsi Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inavyotekelezwa, mtu hahesabiwi kuwa raia kwa sababu tu amezaliwa ndani ya mipaka yetu. Maafisa hutaka angalau mzazi wake mmoja awe alikuwa raia wakati wa kuzaliwa kwake. Kwa kijana wa Dodoma swali hilo huulizwa likapita. Kwa kijana wa Buhigwe, Kasulu au Kibondo hurudi mara ya pili na ya tatu, kwa sababu mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi kwa makundi makubwa tangu 1972, na majina ya pande mbili za mpaka hufanana. Nalisema wazi kwa sababu jambo hili linawaumiza watu, na wana haki ya kuumia: mtu ambaye babu yake amezikwa kwenye shamba la ukoo anaambiwa alete wazee wa kumtambua. Pamoja na hayo, jalada halitasogea kwa hasira. Litasogea kwa ushahidi.

Omba uandikiwe ni nyaraka gani hasa zinazohitajika, ili usiambiwe jambo jipya kila unaporudi. Mzazi asiye na cheti anaweza kuomba usajili wa kuchelewa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako RITA huendesha shughuli zake, au akaapa kiapo cha kuzaliwa, na kiapo hicho kikaambatanishwa na vitu vya zamani vinavyokiunga mkono: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa cha parokia, cheti cha kumaliza darasa la saba, stakabadhi za kodi, kadi ya chama. Usizidharau karatasi zilizochakaa. Stakabadhi ya kodi ya miaka ya sitini yenye jina la babu na la kijiji, hata kama imeliwa na mchwa pembeni, inasema jambo ambalo barua mpya ya mtendaji haiwezi kulisema. Ambaye mzazi wake alipata uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, kama walivyoupata wengi wa wakimbizi wa 1972 katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na ya Katumba na Mishamo mkoani Katavi, asikwepe kueleza hivyo. Cheti cha tajnisi cha mzazi kina nguvu kuliko kiapo chochote, na kukificha ndiko kunakozua mashaka. Yeye mwenyewe ahakikishe hadhi yake ikoje iwapo alizaliwa kabla mzazi hajapewa uraia huo.

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, ambapo 20,000 hulipwa wakati wa kuwasilisha maombi na 130,000 baadaye, zote kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekuomba nyongeza mkononi ili “alisukume jalada” anajiombea mwenyewe.

Kwa upande wa Ujerumani, jambo litakalokubana kwanza ni fedha. Mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, na njia iliyozoeleka ni akaunti maalumu ya zuio, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa kuwa na euro 11,904. Ukifika unaruhusiwa kuchukua euro 992 kwa mwezi. Kama una ufadhili, barua ya mfadhili inayotaja kiasi na muda huchukua nafasi ya akaunti hiyo. Usikope fedha za kuonyesha tu kwa matumaini kwamba kibarua kitazirudisha. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, na kipato hicho huishia kwenye chumba, chakula na bima ya afya, ambayo ni ya lazima kwa kila mkaazi.

Ukishapata chumba unapaswa kusajili anwani yako kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Kuna vyumba vinavyotangazwa kwa bei nafuu kwa sharti kwamba mpangaji asijisajili hapo. Usikipokee hata kama uchovu wa safari unakusukuma, kwa sababu bila usajili hupati namba ya kodi, benki nyingi zitakukatalia, na ofisi ya wageni haitakuwa na mahali pa kukutambua utakapoomba kibali cha ukaazi. Kabla hujaondoka, omba kwa maandishi chumba cha hosteli ya wanafunzi cha chuo chako, na uombe mapema, maana foleni yake ni ndefu.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na ni mtumishi wa umma hapa Tabora. Kwenye kundi la WhatsApp kuna wakala anayesema ana nafasi za wauguzi Uingereza na Ujerumani. Anataka shilingi milioni nne na vyeti vyangu halisi, na anasema nafasi zitafungwa wiki hii. Wenzangu wawili wamekwisha kulipa. Je, nilipe? – Muuguzi, Tabora

JIBU: Usilipe, na vyeti halisi usivitoe kwa mtu yeyote. Wenzako waliolipa wakusanye ushahidi wa miamala na mazungumzo yote, kisha wakatoe taarifa polisi sasa, wakati namba zilizopokea fedha bado zinafuatilika.

Nina sababu za kusema hivyo bila kumjua wakala huyo. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Ile ya mwaka 2023 ina nchi 55 na Tanzania imo. Uingereza imejiwekea kanuni kwamba waajiri na mawakala wasiende kutafuta wauguzi katika nchi hizo. Ujerumani imekwenda mbali zaidi kwa kuandika katika kanuni zake za ajira kwamba kuwatafuta na kuwaunganisha na waajiri watumishi wa afya kutoka nchi za orodha hiyo ni kazi ya Shirika la Ajira la Shirikisho peke yake. Kwa hiyo mtu binafsi anayezunguka Tabora akikusanya wauguzi kwa ajili ya nchi hizo mbili anafanya jambo ambalo nchi hizo zenyewe zimelikataza au kulikemea. Hapa nyumbani pia, wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi, na leseni hiyo unaweza kuiulizia kupitia Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Wiki moja aliyokupa ni ya kukunyima nafasi ya kuuliza.

Katazo hilo halikufungii wewe mlango. Muuguzi wa Tanzania anayeomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, hajavunja kanuni yoyote, na njia hiyo nakueleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayofichwa na wanaotaka kukuuzia njia ya mkato.

Uingereza, mlango wako ni Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko. Kwa kawaida utathibitisha Kiingereza kwa mtihani wa IELTS au OET, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu sekondari, kisha utafanya mtihani wa nadharia wa kompyuta, na baadaye mtihani wa vitendo ukiwa Uingereza. Mwajiri lazima awemo kwenye rejesta ya wadhamini ambayo serikali ya Uingereza huichapisha kwa umma. Tafuta jina lake humo kabla hujajibu barua yake ya pili. Gharama ya cheti cha udhamini ni ya mwajiri, na haruhusiwi kukutoza. Viza ya watumishi wa afya imesamehewa tozo ya huduma za afya ambayo wahamiaji wengine wazima hulipa pauni 1,035 kwa mwaka, kwa hiyo anayekudai fedha za tozo hiyo anakudanganya. Utahitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kinachotolewa na kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar es Salaam, na vipimo vya hospitali nyingine havikubaliwi kwa kazi hiyo. Jambo moja zaidi: kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, ambayo si ya uuguzi, ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayeiuza leo anauza kitu kisichokuwapo.

Ujerumani kizuizi kikubwa ni lugha. Ili usajiliwe kuwa muuguzi kamili utahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za lugha, na stashahada yako italinganishwa na mafunzo yao na mamlaka ya jimbo unalokwenda. Mara nyingi jibu huwa kwamba kuna upungufu, nao hufidiwa kwa kipindi cha mafunzo au kwa mtihani, na katika muda huo mtu hufanya kazi na kulipwa kama msaidizi wa muuguzi. Wengi huvunjika moyo hapo kwa sababu hawakuambiwa mapema. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam na Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, kwenye Barabara ya Mirambo, jina ambalo msomaji wa Tabora hahitaji kuelezwa. Panga safari zako za huko kwa pamoja, usije ukapanda treni mara tano kwa mambo ambayo yangemalizika kwa mara mbili.

Mkataba utakapokuja, kisome kipengele cha marejesho. Waajiri wengine huandika kwamba ukiacha kazi kabla ya miaka miwili au mitatu utawarudishia nauli, mafunzo na gharama za usajili. Kipengele chenye kiasi kilichotajwa, kinachopungua kila mwezi unaofanya kazi, kinaweza kuvumilika. Kipengele kisichotaja kiasi usikitie saini, kwa sababu ndicho kinachomfanya mtu abaki mahali anapoteswa.

Na kwa kuwa wewe ni mtumishi wa umma, usiondoke kimyakimya. Kutoonekana kazini bila ruhusa huhesabiwa utoro, hukufukuzisha kazi, na huacha doa kwenye jalada lako litakaloonekana siku utakapotaka kurudi. Andika barua, uliza kama likizo bila malipo inawezekana, na kama haiwezekani, acha kazi kwa taarifa. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania iendelee kuwa hai, maana Baraza hilo hilo ndilo litakaloandika barua ya kukuthibitisha kwa wenzao wa nje.

SWALI: Mwanangu wa kike ana miaka 22. Kuna mwanamke amekuja hapa Ujiji anasema atampeleka Oman kufanya kazi za ndani, mshahara mzuri, tikiti na viza ni juu yao. Wataondokea Nairobi. Binti amekwisha kukubali na mimi sina usingizi. Nimzuie? – Mama, Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Ana miaka 22, kwa hiyo kumzuia kwa nguvu kunaweza kumfanya aondoke usiku bila kuaga, na hapo utakuwa umepoteza hata namba ya simu. Kaa naye, na muulize yule mwanamke maswali mbele yake, ili binti ayasikie majibu kwa masikio yake.

Swali la kwanza ni kwa nini Nairobi. Kutoka Kigoma njia ya kawaida ni Dar es Salaam, na zipo ndege za kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat. Anayewapitisha wasichana nchi jirani mara nyingi anakwepa maswali ya maafisa wetu, ambao wana wajibu wa kuuliza chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Swali la pili ni viza ya aina gani. Viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi, na siku itakapokwisha atakuwa mkosaji katika nchi ya watu, huku mwajiri akiijua hofu hiyo na kuitumia. Swali la tatu ni mkataba uko wapi, umetaja mshahara gani, siku gani ya mapumziko, nani atalipa nauli ya kurudi, na jina na anwani ya nyumba atakayofanyia kazi. Mtu mwenye kazi halali anayo majibu hayo kwenye karatasi.

Ni vizuri binti aelewe utaratibu wa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi. Katika nchi za Ghuba kibali cha mfanyakazi wa ndani hufungwa kwa mwajiri mmoja. Akiondoka nyumbani kwa mwajiri bila utaratibu anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, hata kama amekimbia kipigo, na kwa muda mrefu sheria ya kazi ya Oman imewaacha nje wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: walinyang'anywa pasipoti, walifanyishwa kazi saa nyingi bila siku ya kupumzika, walikatwa mishahara, na wengine walidhalilishwa. Wapo pia waliokwenda wakarudi salama na kujenga, na binti yako anawajua. Ndiyo maana hatakuamini ukimwambia kwamba wote huteswa. Mwambie tofauti ilianzia wapi. Kwa kiasi kikubwa, ilianzia kwenye njia waliyopitia.

Njia hiyo ni kupitia wakala mwenye leseni, kwa mkataba uliopitiwa na TaESA na kufahamika kwa Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat. Inachukua muda na yule mwanamke hatautaka muda huo. Kama akisema haiwezekani, mama, umepata jibu lako, na binti amelipata pia.

Ikiwa ataondoka kwa njia halali, fanyeni mambo haya mkiwa bado mmekaa pamoja. Apige picha ukurasa wa pasipoti, viza na kila ukurasa wa mkataba, na picha zibaki kwenye simu yako na ya ndugu mwingine. Akariri kichwani namba mbili za simu, yako na ya ubalozi, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa. Kubalianeni juu ya jina la ndugu asiyekuwapo: siku akiuliza hali ya “shangazi wa Uvinza”, ujue haongei kwa uhuru na upeleke taarifa ubalozini siku hiyo hiyo. Mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina lake. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania iliyo mikononi mwake, na mwajiri hana haki ya kuishikilia.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na nimeishi Ujerumani miaka saba nikifanya kazi ya ufundi wa umeme. Sasa naweza kuomba uraia wa huku, na Wajerumani hawanitaki tena niache uraia wangu wa kwanza. Nina kiwanja Kigoma ninachotaka kujenga. Je, nichukue uraia? – Fundi, Hamburg

JIBU: Ni kweli kwamba tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria ya Ujerumani inakubali mtu awe na uraia zaidi ya mmoja, na muda wa kusubiri umepungua kutoka miaka minane hadi mitano. Watanzania wengi walioko huko wameisikia habari hiyo nusu. Nusu ya pili iko kwetu: Sheria ya Uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na siku utakapoupokea uraia wa Ujerumani kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma, hata kama hakuna aliyekuomba pasipoti. Kuendelea kuitumia pasipoti hiyo baada ya hapo ni kosa.

Kiwanja chako ndicho kinachoathirika mara moja. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na nyumba ya kuishi familia haimo humo. Wengine hukwepa kwa kuandika kiwanja kwa jina la kaka au mpwa. Nakusihi usifanye hivyo kwa kuaminiana tu, maana kaka akifariki, kiwanja ni cha mirathi yake, na watoto wake hawatakuwa na kosa wakikidai. Serikali imeandaa utaratibu wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo haiwi uraia, kwa hiyo pata maelezo yake kwa maandishi kutoka Uhamiaji na Wizara ya Ardhi kabla hujafanya uamuzi usioweza kuurudisha.

Kwa hali uliyoieleza, ningekuwa wewe ningeomba kwanza ukaazi wa kudumu. Fundi mwenye sifa zinazotambuliwa anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya kibali cha kazi, akiwa na michango ya pensheni ya miezi 36 na Kijerumani cha B1, na wewe umekwisha kuvuka muda huo. Utaendelea kuwa Mtanzania, kiwanja kitabaki chako, na hutahangaikia tena kuhuisha kibali. Udhaifu wake ni mmoja na uuzingatie: kwa kawaida ukaazi huo hupotea ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita mfululizo bila kupata idhini ya ofisi ya wageni, kwa hiyo usije Kigoma kusimamia ujenzi kwa mwaka mzima ukitegemea kuukuta.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja, kuhusu michango yako ya pensheni endapo utarudi moja kwa moja. Aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyoichangia mwenyewe, miezi 24 baada ya kuondoka Umoja wa Ulaya. Aliyefikisha miezi 60, kama wewe, harudishiwi. Analipwa pensheni atakapofikia umri wake, hata akiwa Ujiji. Tunza barua za kila mwaka za mfuko huo mahali pakavu.

SWALI: Nina leseni ya udereva ya Tanzania na ninahamia kwa mume wangu. Je, naweza kuendesha gari huko? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hukutaja nchi, kwa hiyo nakujibu kwa zile zinazoulizwa zaidi. Uingereza unaruhusiwa kuendesha kwa leseni yako kwa miezi 12 tangu uwe mkaazi, na Ujerumani kwa miezi sita, huku ukiwa na tafsiri ya leseni au kibali cha kimataifa cha udereva. Baada ya hapo nchi zote mbili zitakutaka ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, kwa kuwa leseni yetu haibadilishwi moja kwa moja. Uingereza wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Ujerumani ni kulia. Anza kujiandaa kwa mtihani katika mwezi wa kwanza, kwa sababu muda huo ukiisha bima ya gari inaweza kukataa kukulipa hata kama ajali haikuwa kosa lako.